Sema: Nilichoma Mimi

Gereza la wanawake, upande wa mahabusu
9 Februari

Kaka, shikamoo.

Afande wa zamu ya mchana amenipa karatasi na kalamu. Alisema, "Andika kwenu." Nikasema, "Andika kwenu." Akadhani namletea jeuri, akaniondolea karatasi. Baadaye akairudisha. Nadhani alinihurumia, lakini sina uhakika na sura za watu, unanijua.

Niko gerezani. Ijumaa stoo ya mashuka pale hotelini iliungua. Mimi nilikuwa chumba cha kupigia pasi, mlango unaofuata. King'ora kikalia. Niliziba masikio nikasimama mlangoni, miguu ikakataa kwenda mbele, ikakataa kurudi nyuma. Watu walikimbia wakanipita. Mlinzi akafungua mlango wa stoo, moto ukamrukia mikononi na usoni. Nilimwona. Nikacheka. Sikuwa nafurahi, Kaka. Ni kile kicheko changu cha msibani, kile ambacho Mama hunifunika kwa khanga watu wasinione.

Askari alinishika bega kwa nyuma. Nilijivuta, nikakimbia. Wakanikamata getini. Sasa wanasema nilitaka kutoroka.

Kituoni mpelelezi aliniuliza, "Wewe ndiye wanayekuita Kasuku?"

Nikasema, "Wewe ndiye wanayekuita Kasuku."

"Usinichezee akili."

"Usinichezee akili."

Akagonga meza. Meza ilikuwa ya bati. Baada ya hapo sikuwa na neno langu hata moja, yalibaki yake tu. Kisha akapoa, akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya upole, "Sema: nilichoma mimi. Tumalize, uende nyumbani."

Nikasema, "Nilichoma mimi. Tumalize, uende nyumbani."

Akaandika. Aliandika nusu ya kwanza tu.

Nilitia saini. Alinionyesha mstari, chini yake pameandikwa jina langu, na jina langu ni langu.

Sikuchoma, Kaka.

Taa ya humu haizimwi na ina mlio kama wa nzi kwenye chupa. Wengine wanasema hawausikii. Naogopa. Mama akiniuliza nitamwambia, kwa hiyo ni juu yako kama hutaki aniulize.

Mdogo wako

*

Kambi ya barabara
16 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Kwanza nimsalimu afande anayeisoma hii barua kabla yako. Shikamoo afande, habari za kazi. Huyo mdogo wangu hana jeuri, ndivyo alivyo, nakuomba umvumilie.

Barua yako nimeisomea juu ya mtambo wa kuchonga barabara, nikazima injini, nikakaa pale mpaka fomeni akaja kunitukana. Sikumsikia. Nilikuwa napangusa macho. Mwenzangu ananiuliza kuna nini, namwambia vumbi. Vumbi gani, na mvua ilikuwa inanyesha!

Sasa nisikilize. Usiogope. Kila kitu kiko sawa. Nimepanda kilimani kwenye mtandao nikampata wakili wa msaada wa kisheria, kijana mmoja mwenye haraka lakini anaonekana ana moyo. Wiki ijayo tunakutoa. Wewe kula, lala, usibishane na mtu.

Mama nimemwambia hoteli imekupeleka mafunzo ya ufuaji, mbali kidogo. Unajua presha yake. Ila analalamika kwamba hujamwandikia. Mwandikie kabarua kafupi. Sikwambii udanganye, najua huwezi. Andika tu mambo mengine, lile usilitaje.

Mlinzi anaendelea vizuri.

Likizo wameninyima mpaka mkataba uishe. Nikiondoka bila ruhusa nafasi yangu inachukuliwa kesho yake, na wakili atahitaji nauli za mashahidi na sijui nini na nini. Ningekuwa na mbawa ningekuwa hapo.

Kaka yako

*

Gereza la wanawake
27 Februari

Kaka, shikamoo.

Uliandika, "Wiki ijayo tunakutoa." Jumatatu nilikunja blanketi, nikafunga kandambili zangu kwenye mfuko, nikakaa mlangoni. Afande mkuu akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia natolewa. Akauliza nani kasema. Nilimwonyesha barua. Alicheka, akawaita wenzake nao wakacheka. Jumanne nilikaa tena, maana wiki ilikuwa haijaisha. Jumatano walinihamisha chumba kwa kuziba njia. Chumba hiki kina kelele zaidi.

Pia uliandika kila kitu kiko sawa. Kwa nini? Nilisoma mara nyingi kutafuta ni kitu gani.

Mama mmoja wa humu, aliyemchoma mumewe kisu, ameniambia mlinzi akifa kesi yangu itabadilika iwe ya mauaji. Ni kweli? Wewe uliandika anaendelea vizuri. Mmoja kati yenu anakosea, na yeye alinitazama aliponiambia.

Msimamizi wangu wa dobi pale hotelini amenitembelea. Alijiandikisha kama mjomba wangu. Ameleta sabuni na mafuta ya kujipaka. Aliniuliza, "Mama yako siku hizi anaishi na nani?" Nikasema, "Mama yako siku hizi anaishi na nani." Akatabasamu. Akasema, "Vizuri sana. Hivyo hivyo. Endelea hivyo hivyo hadi mwisho." Alikuwa mkarimu, lakini tangu aondoke ile sabuni siwezi kuishika.

Nimemwandikia Mama. Sikulitaja lile.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mama mpendwa, shikamoo.

Hujambo? Kaka amesema nikuandikie. Niko hai. Nalala chumba kimoja na wanawake wengi, wengine wana watoto wachanga. Tunaamka tunahesabiwa. Tunakula maharage. Sijapiga pasi tangu nifike. Mlango wa hapa ni wa chuma na unapofungwa meno yangu yanauma. Madirisha yako juu. Simjui anayejua lini nitarudi.

Kuna mti mmoja nje, naona matawi yake ya juu tu.

Kaka amesema nisilitaje jambo moja, kwa hiyo sijalitaja.

Mwanao

*

Nyumbani
6 Machi

Mwanangu,

Barua ya mdogo wako nimeipata. Mafunzo gani hayo ya kuhesabiwa asubuhi? Chuo gani hicho kina watoto wachanga na mlango wa chuma? Wewe umekuwa lini mwongo, na tena mwongo usiye na akili, wa kumwambia mtoto yule aandike?

Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye yale matawi ya mti nikakaa chini, sakafuni, hapo hapo jikoni. Jirani akaingia kuomba chumvi akanikuta, akadhani nimeanguka. Nikamwambia natafuta kifungo.

Presha yangu usiitumie kama kisingizio. Presha naipata zaidi kwa kufichwa.

Bahasha ilikuwa na muhuri wa gereza, nimekwenda huko. Walinikatalia siku ya kwanza, eti si siku ya wageni. Siku ya wageni nikarudi. Amekonda. Nywele wamemnyoa na unajua anavyochukia kuguswa kichwa, ana kidonda nyuma ya sikio, amejikuna. Aliponiona hakusema neno. Alibana kiganja chake kwenye wavu, nami nikabana changu upande wangu, hivyo ndivyo tulivyoongea. Askari akasema, "Mama, mbona mwanao haongei?" Nikamwambia, "Anaongea. Ni wewe husikii." Baadaye nikajuta, nikaogopa atamlipizia.

Nimepita pia kwa yule daktari wa watoto, yule mzee wa zamani tuliyempelekea mdogo wako akiwa na miaka sita. Amestaafu lakini kanipokea. Anasema zamani hali yake waliiandika vibaya kwenye faili, lakini jina lake ni usonji, na ameshalisema hilo mahakamani kwa ajili ya kijana mwingine. Atakuja. Mimi sikuwahi kuhitaji jina, lakini kama askari wanalitaka, basi wapewe.

Jambo jingine. Juzi mchana nilikuwa naanika nguo. Mwanaume nadhifu, shati jeupe, akasimama nje ya ua. "Shikamoo mama. Pole na matatizo. Mimi ndiye msimamizi wa binti yako." Nikamwitikia. Akasema, "Unaishi peke yako hapa? Jihadhari, mama, siku hizi si salama." Akaondoka taratibu. Mwanangu, sijawahi kumwelekeza mtu yule kwangu. Tangu juzi komeo naliangalia, nikikaa nalikumbuka, naliangalia tena.

Nijibu, na unijibu ukweli.

Mama yako

*

Kambi ya barabara
10 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ile wiki ya kukaa mlangoni. Mama amenisema mpaka masikio yakawaka moto. Kuanzia leo naandika ninachokijua, na nisichokijua naandika sijui.

Ninachokijua. Mlinzi yuko hospitali, vidonda vimeingia usaha, ana homa. Akifa, ndiyo, kesi itakuwa ya mauaji. Yule mama wa kisu alikwambia kweli, na mimi nilikudanganya kwa sababu nilikuwa naogopa kuliandika.

Wakili anasema maelezo uliyotia saini ndiyo yanayotumaliza. Anasema kuna njia fupi. Tuiambie mahakama kwamba ulipochoma ile stoo akili yako haikuwa timamu. Hutafungwa. Utapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, wodi ya kufungiwa.

Nikamuuliza, "Kwa muda gani?"

"Mpaka watakapoona inafaa."

"Akina nani?"

Akakohoa.

Mdogo wangu, nimelala na jambo hili nikaamka nalo. Hospitali si gereza. Kuna manesi, kuna vitanda. Nikifikiria ukipelekwa kwa kesi ya mauaji nasahau nilipo, juzi nusura nigonge lori na mtambo. Karatasi ziko tayari, anasubiri tukubali. Mimi nataka kukubali. Nakwambia wazi kwamba ni woga unaonisukuma, si busara.

Na jambo la pili. Yule msimamizi alikuja kwako, akaja na kwa Mama. Mtu asiye na kitu cha kuficha hapeleki sabuni gerezani. Nakuuliza moja kwa moja: kabla king'ora hakijalia, nani alikuwa ndani ya stoo? Na wewe uliona nini?

Sijui lini utatoka.

Kaka yako

*

Gereza la wanawake
17 Machi

Kaka, shikamoo.

Asante kwa kuandika sijui. Nimelala vizuri kidogo.

Jibu la kwanza ni hapana. Sentensi ya wakili ina vipande viwili. Cha kwanza kinasema nilichoma. Cha pili kinasema sikuwa na akili. Nikikubali cha pili nimeshakubali cha kwanza. Kituoni nilisema nilichoma kwa sababu mdomo haukuwa na maneno mengine. Hii itakuwa ni mkono wangu, mimi mwenyewe, nikiwa nimetulia. Siwezi. Na akili ninayo. Ninaogopa hiyo wodi kuliko hapa, maana hapa kuna tarehe za mahakamani na huko umeandika mwenyewe hakuna tarehe.

Jibu la pili. Hukuwahi kuniuliza. Uliniuliza kama nakula. Mpelelezi aliuliza kama ni mimi. Wakili aliuliza kama nasikia sauti kichwani. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa stoo.

Alikuwa msimamizi. Ana jiko la koili analochemshia chai mle ndani, nyuma ya rafu za mashuka, ingawa ni marufuku. Siku ile alitoka akaenda mapokezi kuzungumza na mgeni. Harufu ya kitambaa kuungua niliisikia nikadhani ni pasi yangu, nikaiinua, haikuwa yangu. Halafu moshi. Msimamizi akarudi mbio, akaingia, akatoka na kitu amekifunga kwa taulo lenye maji, waya unaning'inia. Aliniona. Akasema, "Hukuona kitu." Nikasema, "Hukuona kitu." Alipofunga mlango nyuma yake ndipo king'ora kikalia. Mlinzi alikuja baadaye, yeye hakujua.

Nyuma yangu alikuwepo Mama Pacha, yule wa kukunja foronya, mwenye mapacha. Alikuwa na kapu kiunoni. Naye aliona. Nilimsikia akisema "Mungu wangu" kabla ya king'ora.

Nimemwandikia wakili haya haya. Najua barua zinasomwa. Sijui afande anayesoma ana urafiki na nani.

Mwambie Mama asifungue mlango.

Mdogo wako

*

Nyumbani
29 Machi

Mwanangu,

Uliniandikia habari za Mama Pacha, ukasema nisitoke. Nimetoka. Ningekaa ndani na lile komeo ningeingiwa na wazimu, na huko wodini wangenipokea mimi.

Nilikwenda kwa Mama Pacha. Anaishi nyuma ya kinu, chumba kimoja. Alipofungua mlango akanitambua, maana mdogo wako tumefanana paji la uso. Akataka kuufunga. Nikaweka mguu.

"Mama, nakuomba uende. Sijui chochote."

"Sijakuuliza chochote. Naona una nguo nyingi za kufua. Nimekuja kukusaidia."

"Mama, tafadhali."

"Beseni liko wapi?"

Basi nikafua. Nguo za mapacha, tena watoto wale wanachafua! Hatukusema lolote ila habari za sabuni. Siku ya pili nikarudi, nikafua. Ya tatu alinikuta nimeshaloweka. Akakaa juu ya ndoo, akaanza kulia.

Akasema, "Mama, wewe una mtoto mmoja ndani. Mimi nina wawili nje na kazi moja. Msimamizi ametuambia wote pale dobini, atakayefungua mdomo atajua yeye ni nani. Kaka yake yuko kituo kile kile cha polisi. Unanielewa? Kile kile."

Nikamwambia, "Nakuelewa. Mimi pia naogopa. Nimeweka meza nyuma ya mlango wangu."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Nataka umkumbuke mwanangu, basi. Alikuwa anakufanyia nini kazini?"

Alipangusa macho. Kisha akasema, "Nilipokuwa na mimba kubwa alikuwa ananibebea makapu. Hakuwahi kuniambia anabeba. Nikigeuka, kapu halipo." Akajifuta pua kwa mkono. "Na siku ile ya moto nilimpita, mama. Nilimpita amesimama pale na masikio ameziba, nikakimbia. Ningemvuta tu mkono."

Niliendelea kukamua nguo mpaka vidole vikaniuma.

Nilipokuwa naondoka akaniuliza tarehe ya kesi. Nikamtajia. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

Wakili nimemwambia asimwandikie Mama Pacha barua ya wito, huyo askari kaka mtu asije akaiona. Kijana amekubali. Zile karatasi zake za wazimu nimemrudishia mwenyewe mkononi. Amesema, "Mama, tunacheza na moto." Nikamtazama tu. Akaona aibu, akasema samahani.

Mlinzi homa imeshuka, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia wamevikata. Nilimpelekea matunda. Mkewe hakuyapokea.

Mama yako

*

Nyumbani
24 Aprili

Mwanangu,

Nakuandikia huku nimechoka kama niliyetoka kulima, lakini ujue leo leo.

Walimleta mdogo wako mahakamani na pingu. Kwa nini pingu, sijui, mtoto aliyekonda vile. Chumba kilikuwa kimejaa, feni inagonga gonga, nikajua kwa feni hiyo tumekwisha. Alikuwa anatazama feni, wala si hakimu.

Msimamizi alikaa mstari wa mbele. Shati jeupe tena. Ndugu yake askari alisimama mlangoni.

Daktari wetu alieleza vizuri. Alisema mwenye usonji wa namna hii akibanwa na hofu anaweza kurudia maneno anayoambiwa, na kwamba si kukubali. Mwendesha mashtaka akasema, "Kwa hiyo hata akiri kweli, ninyi mtasema anarudia?" Watu wakacheka kidogo. Kisha akamgeukia mdogo wako.

"Ni kweli au si kweli kwamba ulimwambia mpelelezi, nilichoma mimi?"

Na mdogo wako akasema, kwa sauti safi kabisa, "Nilichoma mimi."

Mwanangu. Chumba kizima kilivuta pumzi. Mimi nilishika benchi kwa mikono miwili. Msimamizi aliinamisha kichwa, nikamwona mashavu, alikuwa anacheka.

Wakili alisimama haraka mpaka faili likaanguka. "Mheshimiwa, naomba mteja wangu ajibu kwa maandishi."

Hakimu, mwanamke wa makamo, akasema, "Mahakama hii haina muda wa insha, wakili. Anaongea, nimemsikia."

"Mheshimiwa, umesikia swali likirudi. Jibu bado hujalisikia. Naomba karatasi moja tu, mbele yako, kwa macho yako."

Hakimu alitafakari. Akasema apewe, na feni izimwe, maana ilikuwa inamkera hata yeye. Pingu zikafunguliwa. Mdogo wako akaandika pale kizimbani, ameinama, anakung'uta mkono, anaandika. Karani akasoma kwa sauti:

"Aliniambia niseme nilichoma mimi, tumalize, uende nyumbani. Nilisema maneno yote hayo. Aliandika nusu. Mimi sikuchoma. Aliyekuwa na jiko stoo ni msimamizi wangu, amekaa mbele. Samahani, namwogopa."

Hakimu akamwita mpelelezi asimame. "Baada ya maneno haya mawili, mshtakiwa alisema mengine?"

"Mheshimiwa, hayakuwa na umuhimu."

"Sikukuuliza umuhimu. Aliyasema?"

"...Aliyasema."

"Yapi?"

Mpelelezi akatazama sakafu. "Tumalize, uende nyumbani."

Hapo msimamizi akainuka kama anayekwenda haja. Na mlangoni, mwanangu, mlangoni alikuwa amesimama Mama Pacha na wale mapacha wake, mmoja kila mkono, wamevaa zile nguo nilizofua mimi. Yule askari alimtazama. Nilidhani atageuka arudi. Akapita. Alipanda kizimbani anatetemeka mpaka karani akamletea kiti, akasema yote, jiko, taulo, waya. Sauti ilikuwa ndogo, hakimu alimwambia arudie, akarudia.

Wamemwachia huru. Hukumu imesomwa leo mchana. Yuko hapa, amelala chini ya kitanda, si juu yake. Nimempa blanketi huko huko.

Usifurahi sana. Msimamizi hajakamatwa, wanasema uchunguzi unaendelea. Mama Pacha amefukuzwa kazi leo hii hii. Nimemwambia alete mapacha wakae hapa kwangu mpaka apate pa kushika, na sisi wenyewe tutakuwa wengi humu ndani, angalau komeo litaangaliwa na macho mengi.

Mama yako

*

Nyumbani
11 Mei

Kaka, shikamoo.

Sasa nalala kitandani. Mapacha wanalala miguuni, wanakoroma wote wawili lakini sauti zao hazigongani. Mama Pacha na Mama wanafua nguo za watu hapa uani. Mimi napiga pasi. Wateja wanaleta, sitoki nje.

Mlinzi alikuja. Alisimama uani ameficha mkono mfukoni. Alisema, "Ulicheka." Nilienda ndani nikaandika, nikamletea. Niliandika kwamba nilicheka kwa sababu niliogopa nilipomwona anaungua, na kwamba kicheko hicho hunitoka msibani pia. Akasoma. Akasema, "Nilikuchukia miezi mitatu." Kisha akaomba maji, akanywa, akaondoka. Sijui kama bado ananichukia. Mama anasema hapana. Mama hajui, anakisia.

Daktari amenitengenezea kadi. Imeandikwa: Nina usonji. Nikiogopa narudia maneno. Naomba niandike. Chini kuna simu ya Mama na ya wakili. Amesema nikikutana na askari nimwonyeshe.

Jana nilijaribu kwenda hadi kona. Askari wawili walikuwa wamesimama pale wanamsimamisha kijana mmoja. Walimwambia, "Mikono juu! Toa mikono mfukoni!" Yule kijana alichelewa kidogo tu, wakamlaza chini. Nilirudi nikikimbia, halafu nikakumbuka kwamba kukimbia ndiko kulikoniponza, nikajilazimisha kutembea, na kutembea kulikuwa kubaya zaidi.

Kaka, kadi iko mfukoni. Wakisema nitoe mikono mfukoni, nitaionyeshaje? Na nikiwa sijaweka mkono mfukoni, nikiupeleka kuchukua kadi, wao watadhani nachukua nini? Mama anasema niivae shingoni. Nikiivaa shingoni ataisoma kila mtu, msimamizi naye, na kila anayetaka nirudie anachotaka yeye. Mama Pacha anasema niishike mkononi muda wote. Nimejaribu. Jasho limeanza kufuta wino.

Nimewauliza wote humu ndani na kila mmoja ananiambia nisiogope.

Usinijibu nisiogope. Nijibu kuhusu mkono.

Mdogo wako